Maziwa ya Nambuta

Umerudi na elimu yako, Somoe, unaniambia ndani ya mpira-mwitu mna kimeng'enya kinachounga chembe ndogondogo mpaka utomvu uvutike kama uzi. Haya, sibishi. Lakini mimi huyo muungaji namjua kwa jina, na kwa kuwa una mimba, kaa chini unisikilize bibi yako.

Zamani sana mpira-mwitu ulitambaa tu juu ya miti mingine, na ukiukata yalitoka maji matupu. Siku hizo aliishi Nambuta, mtunga shanga. Kila mtoto aliyezaliwa kijijini alivishwa kiunoni uzi wa Nambuta. Mwiko ulikuwa mmoja: fundo halifungwi mpaka mtoto alie.

Nambuta mwenyewe alikaa miaka mingi bila mtoto. Aliposhika mimba, jamani, furaha ilimzidi. Akatunga shanga nyeupe tupu, akatamani azione zilivyokamilika, akafunga fundo. Mwezi uliofuata mtoto alizaliwa kimya. Wakunga walimsugua mgongo, wakampulizia puani, hakulia.

Siku ya tatu maziwa yakaja. Maziwa hayajui msiba, yanakuja tu. Yalimlowesha mbele ya wanawake waliokuja kumpa pole, naye akawauliza, "Maziwa haya nimpe nani?"

Akaingia msituni na shanga zake. Akakaa chini ya mpira-mwitu, akalikata lile fundo kwa meno, akaanza kutunga upya, ushanga mmoja baada ya mwingine, maziwa yakidondokea mizizini. Waliomfuata waliukuta uzi peke yake. Dada yake kwa uchungu akalipiga shina panga, na maziwa yakatoka.

Na tangu siku hiyo mpira-mwitu hutoa maziwa, na humo ndani Nambuta anaunga, anaunga, hafungi. Ndiyo maana wagemaji wakijipaka utomvu kifuani ili ugande, huwang'ang'ania, kuubandua ni kazi. Anadhani amempata mwanawe.

Sasa chukua uzi wako hapo kwenye ungo. Kila siku unaniuliza mbona siumalizi. Umekwisha, limebaki fundo. Kabla ya mama yako nilikuwa na mtoto mwingine, hujawahi kusikia akitajwa. Wake niliufunga mapema, nikijiona mjanja wa kuyapuuza ya wazee.

Wako tutaufunga akilia.