Mashine ya Kiboko Inayokula Matikiti

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa povu!
Basi sogeeni. Mwenye usingizi akalale, asije kesho akasema nilimdanganya.

Hapo kale, kale ile ambayo bajaji zilikwishakuwapo, aliondokea Bibi Pimbi. Mwili mdogo, masikio madogo, mkia hana, ila maneno anayo. Siku hiyo alikuwa ampeleke mpwa wake, Digidigi, kwa mume. Na wakwe wenyewe ni watu wa majivuno. Walishatuma neno: bibi harusi akija na chombo cha matope, mlango haufunguliwi. Mvua nayo ilikuwa imenyesha usiku kucha, bajaji ya Pimbi imejaa tope hadi kwenye taa.

Pimbi akaipeleka mtoni, kwa Kiboko. Hapo palikuwa na ukuta wa matete, tundu moja, mpira mmoja wa maji, na kibao: OSHA MWENYEWE. TIA TIKITI, MASHINE ITATOA MAJI. Kiboko mwenyewe haonekani.

Pimbi akachukua tikiti moja kati ya matikiti ya harusi, akalitia tunduni. Kwacha, kwacha, gubu. Mpira ukatoa maji, pruuu! Pimbi akapaka sabuni bajaji nzima. Alipotaka kusuuza, mpira ukafanya ti, ti, ti, ukanyamaza.

"Mashine, mbona umekata?"

"Muda umekwisha," mashine ikajibu. "Tia tikiti."

Akatia tikiti. Kwacha, kwacha, gubu. Pru, ti, ti, kimya.

"Muda umekwisha. Tia tikiti."

Pimbi akahisi machozi yanamlenga. Nyuma yake alikuwa Ngiri na pikapu yake, povu limemkaukia kwenye kioo. "Bibi Pimbi, zoea," Ngiri akasema. "Mimi niko hapa tangu alfajiri, shamba zima limeingia mle."

Mara nyuma ya matete kukasikika: bweeu.

Pimbi akafuta machozi. Mashine gani inacheua? Akalichukua tikiti la mwisho, akalikata kifuniko, akalijaza pilipili kichaa za achari ya harusi, akalifunika vizuri. Akatia tikiti.

Kwacha, kwacha, gubu.

Kimya.

Halafu matete yakatetemeka. "Hah! Haah! Haaah!" Kiboko akatumbukiza mdomo mtoni. Akivuta maji, moto. Akiyatema, moto. Akavuta, akatema, na yote yakapita mpirani: pruuuuu! Pimbi akasuuza bajaji juu, chini, viti na kengele. Akampa Ngiri mpira, Ngiri akasuuza pikapu huku anaimba. Ukuta ukaanguka pwaa, na mashine ikaonekana imekaa matopeni, macho mekundu, mpira mdomoni, na nyuma yake rundo la matikiti ya watu yaliyoishinda kumaliza.

"Bibi Pimbi," Kiboko akalia, "nasikia una maziwa ya harusi. Niokoe, ndugu yangu."

Pimbi akamimina maziwa kwenye kifuniko cha kibuyu, akamwonjesha tone. "Muda umekwisha," akasema. "Tia tikiti."

Kiboko akatoa tikiti, akapewa tone. Akatoa tikiti, akapewa tone. Hivyo hivyo hadi rundo likaisha, Ngiri akapata yake, na bajaji ya Pimbi ikajaa zaidi ya ilivyokuja.

Wakwe walipoiona bajaji inang'aa, walitafuta tope hadi chini ya magurudumu, wakakosa. Mlango ukafunguliwa wazi, Digidigi akaingia kwa vigelegele, na Pimbi alicheza ngoma hadi miguu ikamuuma.

Hadithi yangu imesuuzwa. Ikitakata ni yenu, ikibaki na povu ni yangu.

Funzo lake: tuwe na subira na mashine za watu, tusizinung'unikie, kwani mvumilivu hula mbivu. Ila ukienda kuosha gari, usisahau pilipili.