Pimbi na Mtama wa Wageni Wasiokuja

"Mtama umeurudisha kwa njia gani, Mzee Kiboko, na njia zote zimefungwa?"

"Nimesema nimeurudisha. Wewe ni nani wa kunihoji nyumbani kwangu?"

"Mimi ni mwenye vyumba."

"Basi wageni wako wamezuiwa na ugonjwa. Nenda kaudai ugonjwa."

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, wanyama walipokuwa bado na nyumba na milango kama sisi, Pimbi na Kiboko waligombana hivyo asubuhi nzima. Kiboko alikuwa amekijaza kiti chake. Pimbi alisimama mlangoni, mdogo kama chungu cha mboga.

Pimbi alikuwa na vyumba vya mawe kule mlimani. Kila mwaka mvua zilipokaribia, Korongo walikuja kutoka mbali, wakapanga humo kwa muda, kisha wakaendelea na safari yao. Kiboko ndiye aliyekuwa dalali. Korongo walitanguliza arbuni, yaani mtama wa kushikia chumba, nao ulikaa kwenye ghala la Kiboko mpaka wageni wafike. Desturi ilijulikana na wote: mgeni asipokuja, arbuni ni ya mwenye chumba, kwa kuwa ameshafagia, ameshakandika, na amewakatalia wengine. Dalali hupewa ujira wake humo humo.

Mwaka ule Pimbi alimaliza akiba yake yote kwa kukandika kuta na kushona magodoro ya nyasi. Ndipo ukaja ugonjwa wa kikohozi. Mfalme Tembo akafunga njia, na Korongo hawakuja.

Jirani yake Pimbi alikuwa Nungunungu, naye mpangishaji. Aliugua. Pimbi alimsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta, usiku na mchana, mpaka siku moja hakumsikia tena. Walimzika wachache, wakiwa wamesimama mbalimbali, bila kushikana mikono. Tangu hapo mjane wa Nungunungu na watoto wake walikula mizizi michungu, na wana wa Pimbi vilevile. Mwanawe wa mwisho alikuwa ameacha hata kulia. Hilo ndilo lililomtoa Pimbi nyumbani.

Sasa alimtazama Kiboko vizuri. Kwenye ndevu zake kulikuwa na chembe za mtama.

Pimbi akaingia ndani, akaketi mkekani.

"Umeketi kwa ruhusa ya nani?"

"Nimechoka, mzee wangu."

Kisha akakohoa. Kho. Kho, kho, khooo. Alikohoa kama Nungunungu, kile kikohozi kirefu kinachoishia kwa mluzi kifuani. Ilimuuma kukiiga, lakini alikiiga mpaka mwisho.

Kiboko alirudi nyuma, kiti kikaanguka, pwaa.

"Unaumwa wewe?"

"Labda ni vumbi. Labda sivyo."

"Toka nje!"

"Nitoke vipi? Amri ya mfalme unaijua. Anayekohoa abaki ndani ya nyumba alimokohoa mpaka apone. Mwenye nyumba naye abaki humo, amlishe mgonjwa."

"Sina chakula mimi."

"Basi tutakaa na njaa wote wawili. Ila wewe utaumia zaidi, maana mto uko nje."

Kiboko akageukia dirisha. Jua lilikuwa limepanda, na maji yalimetameta pale chini. Ilikuwa karibu saa yake ya kuingia mtoni. Ngozi ya mgongo ilishaanza kukaza.

"Sikiliza, Pimbi," akasema kwa sauti ya chini. "Askari Kunguru akija kukagua wagonjwa, wewe nyamaza tu. Hatajua."

"Nikiwa na njaa, kikohozi hakininyamazii."

"Mimi nami nina tumbo. Wageni wasipokuja, dalali atakula nini?"

"Najua. Ungesema hivyo tangu mwanzo, tungekaa tukagawana. Wewe umesema umeurudisha."

Ngo, ngo, ngo. Mlango wa jirani uligongwa. Sauti ya Kunguru, askari wa mfalme, ikasikika: "Kra. Wazima humu?"

Kiboko akaufungua mlango wa ghala. Magunia yalikuwa yamepangwa hadi darini, yakiwa bado na kamba za matete walizofunga Korongo.

"Chukua ya kwako, uende."

"Na ya mjane wa Nungunungu."

"Na ya kwake."

"Na ya wapangishaji wote. Yatoe nje mwenyewe, mimi sina mabega."

Kiboko aliyatoa, huku akihema, hadi uwanja ukajaa. Gunia moja Pimbi alilizuia kwa mguu. "Hili liache ndani. Ni ujira wako."

Kunguru akatua kizingitini. "Wazima humu? Nimesikia kikohozi."

Pimbi akasogea, akamwinamishia Kunguru kifua chake. Kunguru akatega sikio kwa muda mrefu. Hakusikia mluzi wala mkwaruzo.

"Mzima," akasema. "Na haya magunia ni ya nani?"

Kiboko alilitazama jua, kisha mto, kisha Pimbi aliyekuwa amejishika koo.

"Ya wenye vyumba," akasema. "Ni arbuni yao."

"Basi nitawaita waje kuichukua," Kunguru akasema, akaruka kuelekea mlimani.

Pimbi akapandisha gunia dogo kichwani. Machozi yalikuwa yanamtoka, akayafuta kwa mkono mmoja. Kiboko alimfuata hadi mlangoni.

"Kwa hiyo hukuwa mgonjwa."

"Sikuwa mgonjwa," akasema Pimbi pale mlangoni. "Siku nyingine janga likitupata, Mzee Kiboko, hasara tuibebe wote, kila mmoja kwa nguvu zake."