Kabula Alivyong'oa Mfute

Tulieni niwaeleze mara moja, maana nimechoka kuulizwa kwa nini kovu halitoki hata ulipake nini.

Zamani, babu wa babu zetu walipokuwa bado wanafyeka msitu wa miyombo wapate pa kulima, hapakuwa na mtu mwenye kovu. Penye chemchemi uliota mmea mfupi wenye majani manene, ukiitwa mfute. Jani lake likipondwa na kubandikwa kwenye jeraha, siku ya tatu ngozi ilirudi laini kama ya mtoto mchanga. Lakini mfute haukufuta jeraha peke yake. Ulifuta na kisa chake. Mgonjwa aliinuka akiwa hajui kama aliumia, sembuse kujua aliumizwa na nini.

Mtunzaji wa mmea huo alikuwa mwanamke aitwaye Kabula, aliyeurithi kwa mama yake. Kila mtu alisahau lake, na ya jirani hakuna aliyejisumbua kuyahifadhi. Wa kukumbuka ya wote alikuwa Kabula. Hebu fikirini alivyochoka. Kuna mama aliyemtibu mara nne majeraha ya pembe za ng'ombe yuleyule, na mara zote nne mama huyo alimwambia kwamba ng'ombe wake ni mpole, hajapata kumgusa mtu.

Aliyemchosha kuliko wote ni mumewe, Mihambo, mrina asali. Msituni palikuwa na mninga wenye nyuki wengi, ila matawi yake yalikuwa yameoza ndani. Mihambo aliupanda, tawi likakatika, akaletwa nyumbani paja limechanika. Akapona, akarudi, akaanguka. Akapona tena, akarudi tena, akaanguka. Kila alipochukua kamba yake Kabula alimsihi na kumhesabia hayo yote. Mihambo alimsikiliza kwa upole, kisha akamwuliza kama kweli mrina wa sifa yake anaweza kuanguka mara tatu kwenye mti mmoja. Akafunua paja lake amwonyeshe. Halikuwa na hata mkwaruzo. Kabula akaenda zake kutwanga.

Safari ya nne Mihambo alimchukua binti yao, Nyamizi, mtoto wa miaka tisa, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kupanda. Kabula alikuwa shambani, hakuwaona wakiondoka. Wote wawili walikuwa juu tawi lilipokatika. Mihambo alirudi amembeba mtoto mgongoni, mkono wake mwenyewe umepasuka kuanzia bega hadi kiwiko. Shavu la Nyamizi lilikuwa limechanika kutoka chini ya jicho mpaka kidevuni.

Mihambo alipitia chemchemini akachuma majani, akamwekea mkewe mkononi na kumwomba afanye haraka. Kabula aliyatazama majani, akautazama uso wa mwanawe. Alijua kwamba baada ya siku tatu shavu lile lingekuwa safi.

"Nikiwabandika," alisema, "mwezi ujao mtakuwa juu ya mti uleule. Mimi sina mtoto mwingine wa kukupa."

Akayatupa majani jikoni yakaungua. Akawaosha vidonda kwa maji ya moto yenye chumvi, akawafunga, kisha akachukua jembe akaenda chemchemini. Aling'oa mfute wote, mzizi kwa mzizi, akauchoma moto. Wazee walimwita wakamwambia amekiibia kijiji dawa. Akawajibu kwamba wao wamemwibia maneno yake miaka yote, kwa kuyasahau kila walipopona. Msimu mzima hakuna aliyemsalimia.

Nyamizi aliugua homa, wakadhani hatapona. Alipopona, mstari mnene ulibaki shavuni. Siku aliyojiona kwenye maji alilia sana, akakaa siku nyingi bila kusema na mama yake. Kabula hakumlazimisha. Na yeye alilia, lakini alipokuwa peke yake.

Nyuki walipojaza asali tena, Mihambo alichukua kamba akamwita binti yake. Nyamizi akasimama mlangoni, mkono uko shavuni.

"Mti ule siupandi, baba. Na wewe usiupande."

Mihambo akautazama mkono wake, kutoka bega hadi kiwiko. Alikaa kitako palepale mlangoni, na kwa mara ya kwanza akamwomba mkewe amsimulie zile safari nyingine tatu. Kabula alimsimulia hadi uji ukaungua. Siku hiyo Mihambo akatundika mzinga kwenye mti mzima usio na uozo, upande wa pili wa msitu.

Mfute haukuota tena popote, na tangu hapo kidonda cha binadamu kikipona huacha alama. Ndiyo maana mama akimwogesha mtoto hugusa kovu lake na kumwuliza alilipata wapi, na mtoto sharti ajibu. Wengine hujibu vizuri kabisa, neno kwa neno, kisha kesho yake wanarudi kulekule. Hao hata Kabula aliwashindwa.