Mkaguzi Aliyeshika Mwiko

Huko Kwambogo aliishi mjane mmoja, Kidawa, aliyekusanya matofali ajijengee nyumba. Lakini kila alipotaka kuanza, mkaguzi wa majengo, Bwana Mhando, alikuja na sheria mpya. Leo mlango utazame kibla, kesho utazame barabara. Leo dirisha liwe pana, kesho liwe jembamba.

"Kichwa changu kizito, bwana mkubwa," Kidawa alilalama. "Nielekeze kwa vitendo."

Mkaguzi akavua koti, akashika mwiko, akapanga tofali. Sheria ikibadilika, Kidawa haelewi. Mkaguzi anabomoa, anafoka, anajenga upya, mpaka nyumba ikafika kwenye linta, juu ya milango na madirisha.

Siku hiyo akaja na sheria kali kuliko zote.

"Nyumba hii imeingia barabarani. Ivunjwe!" akatangaza mbele ya majirani.

"Tumesikia, bwana," Kidawa akajibu. "Avunje nani?"

"Aliyejenga! Avunje kwa mkono wake, tena leo hii, la sivyo atalala rumande!"

Kidawa akamkabidhi sururu. "Majirani ni mashahidi. Mimi sijapanga hata tofali moja."

Bwana Mhando akaitazama nyumba, akalitazama jua la saa saba. Ghafla akakumbuka kwamba sheria ile ilikuwa ya mtaa wa pili.