Ukurasa wa Pili wa Waraka

Kisa hiki nimetumiwa na mtu, nacho kimenikaa rohoni tangu asubuhi. Kisomeni taratibu, hasa ninyi mlioajiri watu.

Katika mji mmoja wa korosho alikuwapo meneja wa ghala la ushirika, jina lake Chitanda. Alikuwa mtu mwema, ila mwenye haraka. Barua akisoma mistari mitano ya juu, basi ameshaielewa. Mlinzi wake, Mzee Nambole, alikuwa amekaa pale getini miaka ishirini na miwili.

Mzee huyo hakuishia getini. Kila asubuhi kabla ya kukabidhi zamu alipita katikati ya magunia akiyagusa kwa kiganja. Gunia lenye joto alilitoa nje, korosho zikaanikwa upya, maana zikiwa na unyevu huoza kimyakimya. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo, na hakuna aliyemshukuru.

Mwaka mmoja ukaja waraka wa serikali. Kila mlinzi awe na kibali, na kibali hakitolewi bila cheti cha shule na cheti cha mafunzo ya ulinzi. Atakayemweka mlinzi asiye na kibali atapigwa faini. Chitanda alipofika kwenye faini aliukunja waraka na kuutia kwenye droo. Mzee Nambole hakuwahi kukanyaga darasa.

Wiki ile ile mzee alibisha hodi ofisini.

"Meneja, nimekuja kwa hili suala la vibali."

"Mzee wangu, hata mimi linaniuma. Waraka nimeusoma. Hakuna namna."

"Hakuna namna kabisa?"

"Kabisa, mzee. Sheria imeshasema."

Mzee alimtazama kidogo. Kisha akaweka mezani funguo, filimbi na koti la mvua, akaaga kwa adabu zake zote.

Akaajiriwa kijana nadhifu mwenye kibali chenye picha. Kazi aliifanya barabara, wala hakuna mwizi aliyesogea. Lakini alilinda geti, kama alivyofundishwa. Magunia hayakuguswa na mtu.

Siku ya mnada mnunuzi alifungua gunia la kwanza, akanusa, akalifunga. La pili, vivyo hivyo. Nusu ya korosho za wakulima zilikataliwa, na wenyewe wamesimama pale pale wanatazama jasho la mwaka mzima likirudishwa ndani.

Chitanda akakumbuka jinsi mzee alivyokuwa akiyagusa magunia, akakimbilia ofisi ya vibali kumwombea kibali. Karani akamshangaa.

"Kwani ukurasa wa pili hukuusoma? Aliyemtumikia mwajiri mmoja zaidi ya miaka kumi amesamehewa vyeti vyote. Alitakiwa kuleta barua yako tu. Sasa muda wa kuomba msamaha huo umepita, uliisha Ijumaa."

Meneja alitoka pale. Hakwenda ofisini, alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Nambole, akamkuta anapalilia mihogo. Akamweleza yote bila kujitetea.

"Nisamehe, mzee. Kulikuwa na msamaha na mimi sikuujua."

Mzee akaegemea jembe lake. "Mimi niliujua."

"Uliujua?"

"Siku ile nilikuwa natoka kwa karani. Alinisomea kurasa zote mbili. Nilikuja kwako kuomba barua."

"Sasa mbona hukusema, baba?"

"Uliniambia umeusoma, na hakuna namna. Nikajua msamaha umeuona, ila wewe hutaki kuniandikia barua. Mtu mzima hawezi kubembeleza asipotakiwa."

Chitanda alilia pale shambani kama aliyefiwa. Mzee alimpa maji ya kunywa, akampa pole kwa zile korosho, kisha akarudi kwenye palizi yake.

Funzo: Kabla hujamwambia mtu kwamba sheria imemkataa, isome mpaka mwisho. Usipofanya hivyo, aliyemkataa ni wewe, naye anajua hivyo.