Picha Thelathini na Sita za Harusi ya Mize

Hapo zamani, zamani za kamera za mkanda, palikuwa na mpigapicha mjini Pangani, jina lake Hatibu Bori. Hatibu aliwapenda watu wa pwani na shughuli zao kupita kiasi. Maulidi yupo. Jando yupo. Siku ya Mwaka yupo. Zumari ikilia ng'ambo ya mto, alifunga studio na kumwacha mteja nje ya mlango, ameshachana nywele, ameshajipaka poda. Watu walisema, "Hatibu haalikwi, anasikia."

Mzee Akida alikuwa anamwoza binti yake, Mize. Mize alilelewa Wete, kisiwani Pemba, na bibi yake, Bi Msimu. Bi Msimu miguu ilikwisha kumkataa, hawezi tena kuvuka bahari. Akatuma neno: "Nataka picha ya mjukuu wangu katika mapambo yake, siku yenyewe. Moja inanitosha. Msinijazie jamaa. Jamaa nawajua."

Mzee Akida akamwita Hatibu. Mjini ulipatikana mkanda mmoja tu, wa picha thelathini na sita. Wakapatana: bibi harusi atasimama mlangoni uso wazi, apigwe picha, kisha afunikwe apelekwe kwa mumewe.

"Picha moja, Hatibu."

"Mzee wangu, katika thelathini na sita nikose moja?"

Siku ikafika. Alasiri ikaswaliwa. Hatibu akasimama mlangoni. Ndani alikuwamo Bi Tatu, somo na kungwi wa Mize, aliyempamba tangu asubuhi, na bila idhini yake mlango haufunguki.

"Bi Tatu, mtoe basi, jua linaniacha."

"Hina haijakauka. Ngoja."

Hatibu akangoja.

"Bi Tatu, jua!"

"Udi haujamwingia. Bibi harusi si mkate, atolewe wa moto? Ngoja."

Hatibu akangoja. Hapo ndipo vugo likaingia mtaani: wanawake hamsini, pembe za ng'ombe mikononi, vijiti vinagonga, vumbi linapanda. Hatibu akasema, moja tu. Akampiga picha mwimbishaji aliyetoa mishipa ya shingo. Akasema, moja tu. Akampiga mpishi aliyekuwa akifuta machozi ya moshi kwa ukosi wa shati. Akasema, moja tu. Akawapiga vikongwe wawili waliotupa mikongojo wakacheza. Akapiga hata viatu vilivyorundikana kizingitini. Alipotazama kamera, zilibaki mbili. Akarudi mbio mlangoni, akasimama kama askari wa zamu.

Akaja Bi Riziki, shangazi wa bwana harusi, na dada zake wanne nyuma, kanga sare.

"We Hatibu, sisi wa upande wa mume hatuna sura?"

"Zimebaki mbili, Shangazi. Za bibi harusi."

"Kwani ana sura mbili? Moja yake, moja yetu. Ama niondoke na watu wangu, mjioze wenyewe?"

Hatibu akawapiga.

"Rudia. Zena kafumba macho."

"Shangazi, tafadhali..."

"Rudia! Unataka mdogo wangu aonekane maiti harusini?"

Hatibu akarudia.

Na mlango ukafunguka. Mize akatoka, asumini shingoni, hina imekolea hadi viwikoni, akaitazama kamera kama anayemtazama bibi yake. Hatibu hakuwa na ujasiri wa kusema kitu mbele za watu. Akainua kamera iliyokwisha mkanda, akabofya mara tatu. Mize akatabasamu mara tatu. Kisha wakamfunika.

Baada ya wiki picha zikasafishwa, zikatandazwa mkekani kwa Mzee Akida, mbele ya Hatibu, Bi Riziki na Bi Tatu. Thelathini na sita, na Mize hayumo. Nazo zilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililoudhi zaidi: hapana hata moja ambayo mtu angeweza kuitupa.

Mzee Akida akasema, "Boti ya Pemba ni Alhamisi. Bi Msimu ameleta salamu kwamba ameshapigilia msumari ukutani. Mmoja wenu atakwenda kumwambia. Nani?"

Hatibu akasema, "Nilizidiwa na harusi, sikatai. Lakini Bi Tatu angenipa dakika moja, ningempiga Mize kwanza na mengine yakafuata. Na mbili nilizibakisha! Aende aliyezila hizo mbili."

Bi Riziki akasema, "Mimi niliomba, na mwenye kamera alikuwa na kidole chake. Sikumshika mkono. Tena yeye ndiye aliyemchekesha mtoto wa watu mbele ya kamera tupu. Angesema hapohapo, tungetuma mtu Tanga usiku ule alete mkanda, na asubuhi hina ingali mbichi."

Bi Tatu akasema, "Mimi nilimtoa amekamilika, kama nilivyoagizwa. Kazi yangu ilikuwa kumpamba, nami nilimpamba. Mpigapicha mwenye thelathini na sita akose moja, somo ana kosa gani?"

Mize, aliyekuwa ameketi kando yao, akasema, "Basi nipambeni tena. Nitasimama palepale."

Bi Tatu akaruka. "Haiwezekani! Bibi harusi hatolewi mara mbili, ila kwa mume wa pili. Unataka kujiapiza?"

"Somo yangu, ni picha tu."

"Bibi yako mwenyewe ndiye aliyenifundisha mwiko huo. Na hina ya wiki moja ataijua kabla hajafika usoni. Utamdanganya nani?"

Hatibu akasema, "Mnaona? Mimi niko tayari kupiga. Anayezuia ni nani?"

Bi Riziki akasema, "Si mimi."

Mize akajifunika uso kwa ukaya akalia, nao wakaendelea kubishana juu ya kichwa chake hadi adhana ya magharibi, na siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Haya, nyinyi mnaosikiliza. Mmoja alipenda harusi akamsahau bibi harusi. Mmoja alitaka sura yake na ya nduguze. Mmoja alichelewesha mlango, kisha akaufunga mara ya pili. Na msinijibu kwamba waende wote. Watagombana tangu gatini, na bikizee hataambiwa lolote. Boti inaondoka asubuhi, bahasha ya kumpelekea Bi Msimu iko mkekani, na haina picha ya Mize. Je, ni nani kati ya hao watatu aliyestahili kuichukua, akaketi mbele ya Bi Msimu, akamwambia kwa kinywa chake?