Sahani ya Wino wa Bluu

Neno si la aliyelimeza, ni la aliyelitafuna. Mmeisikia mkaicheka, kisha mkaniuliza ni nani aliyewahi kutafuna neno. Haya, sogezeni majamvi, na wewe wa nyuma funga mdomo, nzi wasije wakapata nyumba. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji kimoja cha pwani ya Tanga palikuwa na msichana aitwaye Mwatumu. Alikuwa amemaliza shule ya pale, na nafasi ya kwenda kusoma mjini ilikuwa moja tu. Waliostahili walikuwa wawili: yeye, na Chande mwana wa mwuza nazi, kijana mwepesi wa kichwa na mwepesi zaidi wa mdomo. Mkaguzi wa shule akaleta habari kwamba Jumamosi ya wiki inayofuata atawapima kwa neno moja la Kiingereza, *get*. Atakayeshindwa, safari yake imeishia hapo. Mjomba wake Mwatumu alikuwa keshamtafutia kazi katika shamba la mkonge, na asiyeujua mkonge aje aitazame mikono yangu.

Neno lenyewe, wanangu, ni dogo kama dagaa, lakini halipumziki. Ukipokea barua, ni hilo. Ukienda kuleta maji, ni hilo. Kufika nyumbani, kulowa mvua, kushikwa na homa, kuelewa fumbo, hilohilo. Si kwamba Waingereza hawana maneno mengine ya mambo hayo. Wanayo tele, ila wameyafungia kabatini kama vyombo vya wageni, na kila siku wanakula kwa hili moja.

Mwatumu alipofungua kamusi ya shule akaona maana zimepangana safu kwa safu, kichwa kilimwuma. Hapo akakumbuka kombe. Mtu akiugua, shehe humwandikia aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Mwatumu akawaza: kama maandishi huingia tumboni yakatibu homa, yatashindwaje kutibu ujinga? Akaiiba sahani ya bibi yake, akazinakili maana zote kwa wino wa bluu, akaziosha, akafumba macho, akanywa.

Bibi yake, Bi Mize, alimkuta amejikunja ukumbini, ameshika tumbo.

"Mke mwenzangu, hebu toa ulimi. Lahaula! Umelamba mbingu?"

"Nimekunywa Kiingereza, bibi."

Bi Mize alicheka mpaka akakaa chini. "Kombe ni la mgonjwa. Wewe huumwi, wewe mvivu! Na hicho Kiingereza kimekaa?"

"Kinataka kutoka."

"Kipeleke chooni, kisha uje hapa. Neno la watu ni kama muwa, mjukuu wangu. Ukimeza pingili nzima itakukaba. Utamu uko kwenye kutafuna."

Bi Mize hakujua Kiingereza hata cha kuombea chumvi. Lakini tangu siku ile, kila alipomtuma Mwatumu alimtaka aiseme kwanza ile kazi kwa lugha ya wenyewe, kwa neno lilelile. Anakwenda kisimani, aseme. Mtoto wa jirani kalowa, aseme. Bibi hakuweza kujua kama amekosea, ila uso wa mtu anayebahatisha aliujua vizuri sana. "Unamung'unya huyo! Tafuna!" Na Mwatumu alirudi mbio kwenye kamusi, akaja akasema tena.

Chande akipita njiani humcheka. "We Mwatumu, unazungumza na ndoo?"

"Ndoo inanielewa. Wewe nani anakuelewa?"

Jumamosi ikafika, na mkaguzi, Bwana Mhando, akafika nayo. Darasa lilijaa, madirisha yakajaa. Chande alisimama kwanza. Akazimwaga maana zote za kamusi, moja baada ya nyingine, kama bomba lililopasuka. Watu wakapiga makofi. Orodha ile Mwatumu hakuiweza hata nusu.

"Safi," mkaguzi akasema. "Sasa mimi ni mgeni wako. Nimelowa, nina njaa, na njia ya kurudi mjini siijui. Nipokee kwa Kiingereza, na neno letu lifanye kazi."

Chande akafungua mdomo, akaanza orodha upya, kutoka juu.

"Hapana, kijana. Mgeni ameshalowa."

Akaanza tena. Orodha ni ileile.

"Na wewe, binti?"

Mwatumu alimtazama mgeni, akamwona kweli amelowa. Akamwambia aingie ndani upesi, avue koti asije akashikwa na homa. Akae, chai inaletwa. Akishapata nguvu apande gari la jioni, atafika mjini mapema, ashuke sokoni. Ameelewa? Kila mahali *get* iliingia kama shoka kwenye gogo. Wazee wa madirishani hawakujua Kiingereza, lakini walimwona Bwana Mhando akivua koti, akikaa, akipokea kikombe kisichokuwapo na kukipuliza kisimuunguze. Wakaelewa kila kitu. Darasa likalipuka kwa vicheko na vigelegele.

"Nimeelewa," mkaguzi akasema, akisimama. "Nafasi ni yako, binti. Jiandae kwa safari."

"Lakini bwana mkaguzi!" Chande akalalamika. "Mimi ndiye niliyelimaliza neno lote! Yeye hata nusu hakutaja!"

Kabla mkaguzi hajajibu, sauti ya Bi Mize ikaingia dirishani: "Mwanangu Chande, neno si la aliyelimeza, ni la aliyelitafuna!"

Wanawake wakaidaka papo hapo, wakaifanya wimbo, wakamsindikiza nao Mwatumu mpaka barabara kuu, na shamba la mkonge likabaki likimngoja mtu mwingine.

Basi, siku mkimsikia mtu anabubujika maneno makubwamakubwa, msimkatize. Mwacheni amalize, kisha mwambieni kwamba mgeni yuko mlangoni na amelowa. Atakachofanya hapo ndicho kitakachowaonyesha: neno si la aliyelimeza, ni la aliyelitafuna.